Drifti Juu ya Maharage ya Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba, hakuna kazi. Nimeamua! Nitakuwa dereva wa drifti. Gari linapiga kona ubavu ubavu, mkia unaserereka, vumbi juu, watu wanapiga kelele. Nimeangalia video hadi simu ikazima. Simon, kiongozi wa klabu ya Arusha, anakuja Karatu Jumapili kuchagua dereva mmoja. Mmoja tu! Sairowua naye anataka. Sairowua, anayebeba abiria na mbuzi wa kijiji cha Ololosokwan kwa gari lake la Noah! Nimecheka peke yangu. Mke wangu Antonia ameuliza kama gari linalokwenda ubavu huwa linafika. Hana maono.

Jumanne, 8 Julai
Mazoezi, uwanja wa shule. Nimekanyaga mafuta, nimevuta breki ya mkono. Carina yangu ikaguna, ikasimama. Nikarudia, ikaguna tena. Mkia hauchezi hata kidogo! Nadhani ardhi ndiyo mbaya. Mwalimu mkuu amenifukuza mbele za watu, eti nyasi zile zimepandwa. Sairowua alikuwa anapita, akanipigia honi. Usingizi leo sina.

Jumatano, 9 Julai
Nimepata! Mama mkwe ametandaza maharage yake yote uani, juu ya turubai la jumuiya, yanasubiri trekta liyakanyage maganda yapasuke. Trekta limeharibika. Na maharage makavu yanateleza! Nimejitolea kuyakanyaga kwa gari langu, bure, kwa upendo. Amefurahi mpaka machozi. Amewaambia majirani kuwa wenzake wana wakwe, yeye ana mtoto. Ameniomba jambo moja tu: niende taratibu, kwa sababu humo ndimo ilimo mbegu yake ya mwakani. Nimeitikia.

Alhamisi, 10 Julai
Nilianza vizuri. Nazunguka taratibu, maganda yanapasuka, wakwe wanatabasamu. Mama mkwe akaingia jikoni kuniletea chai. Mkono wangu ukaishika breki wenyewe.

Jamani! Mkia ulitoka! Carina ilizunguka kama pia, mimi ndani napiga kelele. Sijawahi kuwa na furaha kiasi kile tangu harusi yangu, na hata ya harusi sina uhakika.

Vumbi likatua. Turubai limejiviringisha kwenye tairi. Maharage yako barabarani, juu ya bati, shambani kwa jirani yetu Qamara, ndani ya birika la chai. Mengi yamepasuka vipande viwili, na kipande hakioti. Mama mkwe hakugomba. Alikaa chini akaanza kuokota moja moja. Niliona aibu ya kweli. Nilitamani anitukane.

Ijumaa, 11 Julai
Kuokota maharage. Mgongo umekufa. Qamara amesema yaliyoangukia kwake kuku wameshamaliza. Sairowua amekuja kutupa pole, akaokota debe zima, mnafiki yule! Kisha akatoa simu. Kumbe kuna mtu alinirekodi, video imefika mpaka Soitsambu, kule kule kwa mbuzi wake. Mama mkwe akampa chai. Chai yangu!

Jumapili, 13 Julai
Simon amefika. Video ameiona! Amenipa mkono, akasema mzunguko kama ule hajawahi kuuona. Nikavimba kichwa. Uwanja wa mnada umejaa watu. Nikavuta breki. Carina ikaguna, ikazima. Nikarudia. Ikaguna. Simon akainama, akachungulia chini, akaniambia kwa upole kuwa gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele, na drifti inataka gari linalosukumwa na ya nyuma.

Noah ya Sairowua inasukumwa na ya nyuma. Ikapiga kona ubavu, vumbi mpaka mbinguni, mbuzi mmoja ndani analia. Amechaguliwa Sairowua. Mama mkwe ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza. Nimefunga vioo, nimelia ndani ya gari.

Jumatatu, 14 Julai
Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona. Maharage ni marefu mno, ndiyo maana yanapasuka. Shangazi Eva wa Rhotia hana simu, video hajaiona. Mbaazi zake zinavunwa mwezi ujao. Leo nimempelekea sukari kilo mbili, nikamweleza kuwa mimi ni mtu wa kusaidia. Mbaazi ni za mviringo kabisa.