Haki Zangu Mbele ya Kamati ya Nidhamu

Jumatatu, 4 Machi
Barua kutoka kamati ya nidhamu ya chuo! Natuhumiwa kunakili insha ya Kamusi, mwenzangu wa chumbani. Uzushi mtupu. Kichwa cha insha nilikibadilisha, tena nikakikoleza wino. Kikao ni Alhamisi. Kamusi naye kaitwa, eti alinipa. Hakunipa, niliichota kwenye kompyuta yake akiwa anaoga. Tangu mchana hanisemeshi. Ubinafsi huo!

Jumanne, 5 Machi
Nimemfuata jirani anayesomea sheria, tunamwita Wakili. Kasema nina haki ya kuona ushahidi, kusindikizwa, kusikilizwa, hata kukata rufaa. Kumbe mimi tajiri! Nikakimbilia ofisini kudai ushahidi. Katibu muhtasari akanipa insha yangu. Ukurasa wa mwisho namshukuru mama yangu mkunga. Mama yangu ni fundi cherehani. Nikamrudishia taratibu.

Jumatano, 6 Machi
Wakili kagundua jambo. Kanuni zinataka mtuhumiwa apewe siku saba za kujiandaa. Mimi nimepewa tatu. Niseme hilo tu, kikao kitaahirishwa. Kaniapisha: sentensi moja, kisha nifunge mdomo. Nimeandaa na hotuba ya kurasa sita, kwa tahadhari.
Mama kapiga simu. Keshashona gauni la kuvaa siku ya mahafali yangu. Nikamwambia mambo shwari.

Alhamisi, 7 Machi
Nikasema sentensi yangu. Mwenyekiti akafunua kanuni, akakubali: kikao kimeahirishwa. Ushindi! Wakili akanivuta shati tuondoke. Lakini hotuba yote ile ipotee bure? Nikasimama. Nikawaambia wamwache Kamusi, hajui lolote, insha niliichukua akiwa bafuni.
Mwenyekiti akauliza kwa upole kama hilo liandikwe. Nikasema liandikwe, tena kwa herufi kubwa! Wakili akajifunika uso kwa faili. Nikaulizwa kama bado nazihitaji zile siku saba. Nikasema za nini, nimeshamaliza.
Kamusi kaachiwa. Mimi nimesimamishwa masomo miezi minne.

Ijumaa, 8 Machi
Nimempigia mama, nikamwambia ukweli. Akasema gauni atalikunja vizuri, halitaliwa na nondo. Afadhali angenifokea. Kamusi kaniwekea kikombe cha chai mezani.

Jumatatu, 11 Machi
Rufaa! Wakili kanisihi niandike mwenyewe, kwa maneno yangu. Ya nini kujichosha? Nimepata nakala ya rufaa ya dada mmoja aliyeshinda mwaka jana. Imeandikwa kwa uchungu hasa! Nimebadilisha jina tu. Kuisoma yote sikuwahi. Katibu muhtasari kaisoma mpaka mwisho, kaniangalia tumboni, kaniuliza ni miezi mingapi. Nikamjibu minne, adhabu yangu naijua kwa moyo. Akaniletea kiti, akaniambia nisibebe vitu vizito.
Safari hii wananiheshimu.