Mkia wa Herufi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeishiwa nguvu. Fundi cherehani wa mlango wa pili, ninayempenda kimya kimya tangu afungue duka, kaleta dukani kwangu kazi ya kuchapa kadi za harusi. Yake! Anaolewa na mpiga picha wa ghorofani, yule mwenye maringo na koti la ngozi. Akasema ananiamini mimi tu. Nikamjibu asijali, kaka yake nipo. Kaka. Ulimi wangu hauna akili.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Kwenye kompyuta ya marehemu aliyeniachia duka kuna fonti ya mapambo. Herufi zimelala kiubavu kwa madaha, kila moja na mkia wa kujipinda. Nzuri mno, ila haisomeki. Nimeitumia kwenye kadi. Wageni wakishindwa kujua nani anaoa, huenda hata bibi harusi akaanza kujiuliza.

Jumatano, 5 Machi
Ajabu. Jana, kwenye kioo cha kompyuta, mkia wa jina la fundi uliishia pembeni. Leo kwenye kadi umeshuka na kulipita juu jina la bwana harusi, kama mstari wa kufuta. Sijaugusa. Nikapitisha kidole nikidhani ni wino mbichi. Ulikuwa mkavu, tena wa baridi. Fundi kasema kadi zimependeza, kazigawa zote.

Ijumaa, 7 Machi
Muuza magazeti, anayemsalimia mpiga picha kwa jina kila asubuhi, leo kamwita "wewe bwana". Nikacheka mpaka basi. Baadaye akaja mama mzazi wa huyo bwana, akiuliza kama nimemwona yule... yule kijana wake. Nikataka kumtajia jina. Na mimi sikulikumbuka. Kisha nikafurahi, Mungu anisamehe.

Jumapili, 9 Machi
Fundi kaja na gauni mkononi, analia. Kasema ukumbi upo, wageni wapo, ila hajui anaolewa na nani, na anaogopa. Nikamwambia ni mimi. Akanitazama sana, akasema afadhali, walau ni mtu anayemjua. Nimeshinda! Ghorofani bado nasikia nyayo zikizunguka. Hakuna anayepanda kuuliza.

Jumatatu, 10 Machi
Kadi mpya zimetoka, zimegawiwa. Fonti ni ileile. Kwa nini nijinyime siku yangu mwenyewe? Mkia nimeukata kwa mkono wangu kabla ya kuchapa. Mimi si mjinga.

Jumatano, 12 Machi
Fundi kaingia dukani kaniomba nimwitie mwenye duka. Nikasema ndiye mimi. Akaomba radhi kwa adabu, kama mteja. Nikaikimbilia kadi iliyobaki: mkia umeota upya, umelipita juu jina langu. Nikampigia mama simu, nikamwambia ni mwanao, nitajie jina langu. Akasema kwa upole nimekosea namba, mwanangu.
Nimelia, sifichi. Lakini kosa nimeshaliona: herufi zilikuwa ndogo. Kesho nachapa bango la kufunika ukuta mzima, jina langu peke yake, kwa fonti ileile. Nikishapata tu mtu wa kuniambia niandike nini.