Mtoto Asiyetajwa Jina

Jumatatu, 4 Mei
Mhariri katangaza nafasi ya mkuu wa vipindi vya watoto. Ni yangu hiyo. Nani mwingine hapa redioni kahudhuria semina ya sheria ya habari na watoto? Fundi mitambo anadai nilisinzia semina nzima. Kijicho tu. Kipindi cha kunipandisha cheo ninacho: watoto wanaokojoa kitandani. Na mtoto ninaye, binti wa dada yangu, yuko darasa la tatu.

Jumanne, 5 Mei
Dada kakataa katakata. Nikamweleza sheria: jina halitajwi, shule haitajwi, sauti inabadilishwa. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba sheria hiyo naijua kama kiganja changu. Akakubali shingo upande. Mtoto naye akaniuliza mara mbili kama rafiki zake watajua. Nikamwapia kwamba hata mdudu hatajua. Akaongea vizuri mno, maskini.

Alhamisi, 7 Mei
Kipindi kimeruka hewani asubuhi. Sauti ya mtoto nimeifanya nzito kama ya babu. Jina, sikutaja. Shule, sikutaja. Mtaa, thubutu! Nikafungua kwa maneno matamu: sheria hainiruhusu kumtaja shujaa huyu, ila ni mpwa wangu wa damu, mtoto wa pekee wa dada yangu wa pekee. Simu zilimiminika.

Ijumaa, 8 Mei
Mpwa kagoma kwenda shule. Jana darasa zima lilimwita Godoro. Kajifungia chumbani, na kwa nyuma ya mlango kaniambia mimi si mjomba wake tena. Imeniuma, sifichi. Dada kanifungulia tu mlango wa nje nitoke. Mhariri anasema ukitaja ukoo umemtaja mtoto. Cheo kampa fundi mitambo! Mimi nimeagizwa kuomba radhi hewani, sentensi moja tu. Bado najiuliza nani kavujisha siri. Nawashuku majirani.

Jumamosi, 9 Mei
Radhi nimeomba, na nimeomba kiume. Sentensi ya mhariri niliiweka kando, maana utamwombaje mtu radhi bila kumtaja? Nikamtaja kwa majina yake yote matatu, nikataja shule na darasa, nikawasihi wenzake wasimcheke tena kwa kukojoa. Nyuma ya kioo cha studio fundi alikuwa akipunga mikono yote miwili; kumbe naye ana moyo. Sasa nimekaa karibu na simu, nangoja dada apige kunishukuru.