Damu ya Wenceslao

Jumatatu, 11 Machi

Siku kumi na mbili kabla ya harusi. Nimenunua daftari hili ili wajukuu wangu waje wajue babu yao alikuwa mtu wa mipango.

Leo mimi na mchumba wangu Hortensia tumekwenda kwa msajili wa ndoa. Nilidhani ni kutia sahihi tu. Wapi! Karani katoa orodha: vyeti vya kuzaliwa, mashahidi wanne, na cheti cha zahanati kwamba bwana na bibi harusi wamepimwa damu. Kaswende na virusi vya Ukimwi. Bila cheti hakuna ndoa. Cheti kikipita siku kumi na tano kimekufa, mnapima upya. Hortensia akasema sawa, keshokutwa. Kama anapanga kununua vitunguu!

Mimi jasho. Sababu ya kwanza: nachinja nguruwe wawili kila siku, lakini nikielekezewa sindano nazimia. Hakuna ajuaye. Sokoni wananiita Fahali. Sababu ya pili: Veracruz, miaka sita iliyopita, siku nne za kanivali. Hayo siandiki, wajukuu watasoma.

Jumanne, 12 Machi

Mpango umepatikana! Binamu yangu Wenceslao. Mama zetu ni ndugu, sura zetu moja, hata masharubu. Mtu mzima wa afya, hajui mafua, ana mke mzuri, Chayo, na mtoto wao wa kwanza ana miezi saba tumboni. Damu ya namna hiyo itakuwa na nini? Atakwenda zahanati na kitambulisho changu cha kupigia kura. Ile picha haifanani hata na mimi.

Nimemweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza kama na usiku wa harusi nitamtuma yeye. Nikamwambia asinizoee. Tumekubaliana kilo mbili za ngozi ya nguruwe ya kukaanga, zilizobaki na nyama nyama.

Hortensia nimemwambia atangulie asubuhi, mimi nitakwenda mchana kwa sababu ya wateja. Akaniangalia. Akasema haya.

Jumatano, 13 Machi

Kazi imekwisha, dakika kumi tu. Muuguzi, Bi Obdulia, aliangalia kitambulisho, akamwangalia Wenceslao, akasema naona umekonda siku hizi. Basi!

Tatizo dogo: Melquíades. Huyu ana bucha mkabala na langu, na kila mteja anayekuja kwangu yeye huona nimemwibia. Kamwona Wenceslao akitoka zahanati na pamba mkononi. Akauliza kwa sauti, soko zima lisikie, imekuwaje anayeoa ni Fahali na anayetobolewa ni binamu? Nikakunja mkono wa shati haraka. Mjinga mimi? Nilikuwa nimeshajibandika pamba na plasta, kubwa, ya kuonekana mbali. Nikasema binamu alinisindikiza tu, akapima sukari. Nikaongeza kwamba mimi wamenitoa chupa nzima na sikupepesa jicho.

Melquíades akauliza tangu lini watu wanatolewa damu kwenye kiwiko, kwa nje, penye mfupa. Wivu unamla yule.

Ijumaa, 15 Machi

Mungu wangu. Mungu wangu!

Nilikwenda kuchukua majibu nikipiga mluzi. Bi Obdulia alitaka kuniona peke yangu kwanza. Akauliza kama napenda mchumba awepo. Nikasema tena aingie, akae hapa hapa, mimi sina cha kuficha! Heri ningemeza ulimi.

Hortensia: safi. Mimi, yaani karatasi yenye jina langu: virusi hakuna, kaswende ipo. Wamepima mara mbili. Ipo.

Nikafungua mdomo niseme si damu yangu. Nikaufunga. Maana nikisema hivyo, ni ya nani?

Hortensia hakupiga kelele. Aliuliza tu tangu lini. Bi Obdulia akasema huo ugonjwa unaweza kukaa mwilini miaka, hakuna kidonda, hakuna homa, mwenyewe hana habari, kwa hiyo tusianze kurushiana maneno. Dawa ipo na inaponya: penisilini, mara moja kwa wiki, wiki tatu. Ubaya ni kuuacha. Na ubaya mkubwa ni kwa mama mjamzito, maana unamfuata mtoto humo humo tumboni, na unaweza kumuua kabla hajazaliwa. Halafu akaangalia dari, akasema kwa kuwa uchumba wetu umekuwa mrefu, Hortensia naye achomwe mara moja, kwa tahadhari.

Nilikuwa na njia mbili, kukiri au kuchomwa. Nikachagua kuchomwa. Wajukuu, someni vizuri: babu yenu alikimbia sindano nyembamba ya mkononi, akaenda kulala kifudifudi kwa ile nene ya makalio. Mbili! Kila upande na yake! Bi Obdulia huku anachoma anaeleza eti hata mtu akishapona, alama hubaki kwenye damu muda mrefu na kipimo huendelea kuionyesha. Sikufuatilia. Nilikuwa nimeng'ata mkono wa shati. Halafu nikazimia.

Nilipozinduka Hortensia alikuwa ameshachomwa naye. Alitoka bila kunishika mkono.

Nikiwa njiani narudi, ndipo akili ikanirudia. Miezi saba. Chayo. Nilisimama katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akanitukana.

Jumamosi, 16 Machi

Siwezi kukaa. Nauza nyama nimesimama, nahesabu chenji nimesimama. Melquíades kaniletea kigoda kwa mikono yake mwenyewe, akasema karibu uketi, jirani, umechoka. Shetani yule.

Lazima Wenceslao ajue. Lakini nitamwambiaje bila kumwambia? Nikapata njia. Zahanati wana vile vikaratasi vya kuelimisha watu. Nilichukua kimoja, kaswende kwa herufi kubwa, na picha ya mama mjamzito. Nikafungia soseji zake ndani yake, maandishi juu. Nikamkabidhi. Nikamwambia asome kabla hajapika. Akasema soseji hazina maelezo, Evodio, zinakaangwa tu.

Saa kumi nimepita kwao. Karatasi ilikuwa chini ya mguu wa meza, kuzuia isiyumbe. Chayo alinikaribisha chai. Miguu yake imevimba, akaiweka juu ya ndoo, akaniomba niweke mkono tumboni nione anavyopiga teke. Nikaweka. Alipiga.

Nilikunywa chai, nikaaga. Sikusema kitu. Mimi ni mtu mbaya.

Jumapili, 17 Machi

Nimemwambia.

Nilimwita uani, penye kuku. Nikaanza na hali ya hewa. Akasema sema, unataka damu tena? Nikamwambia ile ya kwanza ina kaswende. Akacheka. Akasema basi ni wewe uliyeiambukiza kwa kitambulisho chako. Sikucheka. Akaniangalia usoni muda, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Akasema kabla ya Chayo alikaa Chihuahua miaka minne, akichuma matofaa. Vijana tupu, na Jumamosi ni Jumamosi. Hakuwahi kuumwa kitu. Nikamwambia ndivyo ulivyo huo ugonjwa, unanyamaza. Akauliza, mtoto je? Nikamweleza yote ya Bi Obdulia, na kwamba dawa ipo. Akauliza nimejua lini. Nikasema Ijumaa.

Akarudia: Ijumaa. Leo Jumapili. Na jana ulikunywa chai hapa.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alinyanyuka, akaingia ndani amwambie mkewe yeye mwenyewe. Nikabaki na kuku. Kisha nikasikia sahani ikivunjika.

Jumatatu, 18 Machi

Sikukuu ya taifa, zahanati imefungwa. Chayo hakujali sikukuu. Alikwenda na tumbo lake mpaka nyumbani kwa Bi Obdulia, akamkuta anafua, akamwambia fungua. Bi Obdulia akaacha nguo kwenye beseni, akafungua. Wote wawili wamepimwa na kile kipimo cha haraka cha kidoleni. Wote wanao. Wamechomwa hapo hapo, ya kwanza katika tatu. Bi Obdulia kasema miezi saba bado hawajachelewa, dawa inavuka mpaka kwa mtoto, mradi wasikose hata moja.

Kutoka hapo Chayo alikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga mahindi ya Hortensia.

Hortensia alikuja bucha na aproni yake, unga mpaka kwenye nyusi. Wateja walikuwa saba. Akauliza, taratibu, kama ni kweli yeye alilala kifudifudi Ijumaa akapigwa sindano kwa ajili ya damu ya Wenceslao. Nikasema ukiangalia kwa upande mwingine ilikuwa ni tahadhari. Akauliza kama ni kweli nilijua Chayo yuko hatarini nikamfungia soseji. Hapo nikaanza kupangusa kisu kilichokuwa safi.

Melquíades alikuwa ameacha kukata nyama asikilize vizuri.

Jumanne, 19 Machi

Hortensia alinipeleka zahanati kwa kunishika ukosi. Bi Obdulia alitaka kitambulisho, kisha akataka nikunje uso kama kwenye picha. Akasema kama angekuwa mtu mwingine angeniripoti kwa kughushi, na bado anafikiria. Akanifunga mpira mkononi. Nikaona sindano. Nikazinduka sakafuni, na alikuwa hajachoma bado! Alinichoma pale pale sakafuni. Hortensia alinishika kichwa. Mikono yake ilikuwa na harufu ya mahindi, na nilitamani aniachie huko huko chini mpaka jioni.

Nje kulikuwa na foleni. Watu kumi na moja wa soko. Habari zimezagaa kwamba kaswende hujificha miaka, na kila mtu ana Veracruz yake. Wa kumi na moja alikuwa Melquíades, amevaa kofia ya mkewe asijulikane.

Alhamisi, 21 Machi

SAFI! Mimi safi! Virusi hakuna, kaswende hakuna, haikuwahi kuwepo! Veracruz imenisamehe. Nimechomwa bure makalio yote mawili!

Nikamrukia Hortensia pale zahanati. Akanisogeza. Akasema Jumamosi hafungi ndoa. Akasema kaswende hata haimtishi, ina dawa na ina wiki zake tatu. Kinachomtisha ni kwamba nikiogopa kitu natuma mtu mwingine. Anataka kunitazama kwanza. Harusi imesogezwa mpaka Mei 25.

Nikamwambia nimebadilika. Nimelia kweli, sikuigiza. Akanipangusa na aproni, unga ukaniingia machoni.

Jumatatu, 13 Mei

Daftari lilikuwa limepotea chini ya gunia la chumvi. Mengi yametokea.

Chayo kajifungua Jumatano, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Bi Obdulia kampima: mzima. Wenceslao alilia bucha kwangu mpaka wateja wakamletea maji. Tumepatana. Tena kanifanya baba wa ubatizo! Kasema, wewe ni mpumbavu, Evodio, lakini bila upumbavu wako nisingejua. Nimelikubali hilo kama sifa.

Hortensia ananicheka tena. Jana alinikatia chapati ya mahindi ya moto kwa mkono wake. Kasema naanza kumridhisha.

Leo tumerudi kwa msajili. Karani akachungulia vyeti vyetu vya Machi. Vimekufa! Siku kumi na tano zimepita zamani, lazima tupime upya. Hortensia kasema sawa, keshokutwa.

Jasho. Safari hii si hofu ya majibu, damu yangu naijua ni safi, ina karatasi. Ni sindano tu. Sasa nijizimishe tena sakafuni, mbele ya Bi Obdulia, kwa jambo ambalo linajulikana?

Nimefikiri sana na nimeona kosa la mpango wa kwanza lilikuwa wapi. Mtu nilimchagua vizuri, damu ndiyo ilikuwa haijatibiwa. Sasa imetibiwa. Wiki zote tatu, hakukosa hata moja! Mji mzima huu hakuna damu iliyosafishwa kama ya Wenceslao. Bi Obdulia aliwahi kusema kitu kuhusu alama siku ile niko kifudifudi, lakini sikumbuki ni nini, na kama lingekuwa jambo la maana angelisema nimekaa.

Naye sasa ni baba wa binti yangu wa ubatizo. Jambo dogo kama hilo hawezi kuninyima. Kitambulisho kiko mfukoni. Ngozi ya nguruwe iko kwenye mafuta, kilo nne.