Kuba Lililomzidi Mkurugenzi

Idara ya Urefu wa Majengo ina furaha kuutangazia umma kwamba hakuna jengo litakaloruhusiwa kuipita kwa urefu ofisi ya Mkurugenzi. Mimi ndiye msemaji wa Idara, na tangazo hilo nililitunga mwenyewe, nikiwa na akili timamu.

Kikwazo kilikuwa hekalu jipya la Krishna, mungu wa Wahindu: marumaru nyeupe, vioo, lifti mbili, na kuba kubwa lililomchungulia Mkurugenzi dirishani kama jirani mmbea. Tukamwita mwenyekiti wa ujenzi, mama muuza vitambaa ambaye mji mzima humwita Shangazi.

"Shangazi, lipunguze," Mkurugenzi akamwambia.

"Kuba si gauni, mwanangu, nilikate upindo."

"Basi hekalu halifunguliwi."

Shangazi akavua miwani, akaifuta. "Sanamu ya Krishna iko sebuleni kwangu, nyuma ya kochi. Marehemu mume wangu alimwahidi nyumba. Kila asubuhi namwomba radhi, naye ananitabasamia tu. Bora angenuna."

Mkurugenzi ana huruma. Akaamua kwamba ikiwa kuba haliwezi kushuka, yeye atapanda. Tukamjengea ofisi juu ya paa letu, bila kumuuliza mhandisi, maana wahandisi huchelewesha maendeleo. Lifti haikufika huko. Tulimpandisha kwa ngazi ya fundi rangi, tukimsukuma kutoka chini kwa heshima zote. Alipofika alihema, akalitazama kuba likiwa chini yake, akasaini kibali cha hekalu.

Krishna akahamia kwake kwa nyimbo na maua. Shangazi alilia mpaka miwani ikamdondoka.

Wiki iliyofuata nguzo zetu zikaanza kulia. Ukuta ukapasuka, jengo likainama kama mtu anayetafuta funguo. Tulitoka mbio, Mkurugenzi akiwa wa mwisho kwa sababu ya ngazi. Hakuna aliyetaka kutupangisha; wenye majumba wote tulikuwa tumewanyima vibali.

"Njooni kwetu," akasema Shangazi. "Ukumbi wa chini una nafasi, pale waumini wanapoacha viatu."

Ndiko tuliko sasa. Jana bibi mmoja aliyetoka kusali alisimama mbele ya meza ya Mkurugenzi.

"Baba, nipe vile vyekundu, vyenye kifungo."

Mkurugenzi alinitazama. Mimi nikatazama dari. Akainuka, akavitafuta, akamletea.

"Mungu akubariki," bibi akasema, akaenda zake.

Idara inathibitisha kwamba huyo ndiye mwananchi wa kwanza kuhudumiwa nasi bila kuambiwa arudi kesho.