Mikate ya Loth Isiyo na Ngano Hata Chembe

Jumatatu, 3 Juni 2024
Hasira tupu. Daktari amemwambia mke wangu Monika aachane na ngano. Kabisa! Chapati, maandazi, mkate, tambi, basi. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikimtesa tumbo miaka yote. Nimezunguka mji mzima wa Sumbawanga kwenye baridi hii nikitafuta biskuti zisizo na ngano. Duka la kwanza wakaniuliza kama nimebadili dini. La pili, mwenye duka alicheka mpaka akakalia gunia. La ngano! Watu gani hawa?

Jumanne, 4 Juni
Monika anasema nahangaika bure. Kwao kijijini Pito, Wafipa wenzake wamekula ulezi tangu enzi za mababu, na unga wake Mama Fransiska wa hukohuko anauuza sokoni. Nikaenda. Foleni! Walimu, maofisa, wote eti matumbo yao hayataki ngano. Na huyo Fransiska hana hata ubao wa jina! Amekalia ndoo tu, anazoa wateja wa mkoa mzima. Akaniita shemeji, akaniongezea kikombe cha unga bure. Dharau! Sikutoka Mbeya kuja kuonewa huruma. Naanzisha duka la vyakula visivyo na ngano.

Alhamisi, 6 Juni
Ubao umepakwa rangi, ulezi nimeuleta kutoka Chala. Mikate ya kwanza ikatoka tanurini. Nikaigusa, ikamwagika. Mchanga! Mwalimu Theodory, jirani yangu, akauliza aniletee sahani au koleo. Mshenzi. Monika akasema tupike uji tu, unatosha. Uji! Nani anaweka ubao kwa ajili ya uji?
Jioni nikapata akili. Ngano kidogo ya kushikanisha. Nusu kwa nusu. Tumbo litajuaje?

Jumamosi, 8 Juni
Imesimama! Mikate kama matofali ya kuchoma. Watu wamejaa mlangoni. Theodory akauliza kwa sauti kama kweli haina ngano. Kabla sijajibu, Monika akachukua mmoja.
“Mimi nikila ngano naugua,” akawaambia. “Huu mume wangu kanitengenezea mimi.”
Akala wote, mbele yao, anatabasamu. Nilitaka kumzuia. Lakini wateja walikuwa wengi mno.

Jumapili, 9 Juni
Hospitali. Monika amejikunja kitandani, midomo imemkauka. Fransiska kaja na uji wa ulezi, anamnywesha kijiko kwa kijiko kana kwamba mimi sipo. Hata kiti kakalia yeye! Monika akanigeukia.
“Loth, ulijua?”
Nikamwambia mashine ya kusagia ilikuwa chafu.
“Sijakuuliza mashine. Ulijua?”
Nikasema naenda kumwita nesi. Sikumwita. Nilikaa kwenye benchi la nje, nimewakasirikia daktari, mashine, ulezi na Wafipa wote. Nikajifunika koti mpaka kichwani. Baridi hiyo.

Jumatano, 12 Juni
Monika karuhusiwa. Hakuja nyumbani, kaenda kwao Pito. Nikampigia baba mkwe, Mzee Yohanes. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakata simu. Ndiyo adabu hiyo? Mchana Theodory akarudisha mikate aliyonunua, akasimama mlangoni kumsimulia kila apitaye habari za ngano. Hata wasiouliza!

Ijumaa, 14 Juni
Nimepita sokoni. Monika yuko kwa Fransiska, anapima unga, anacheka. Uso umenawiri. Kuniona, kicheko kikakatika. Akaniuliza kama mteja yeyote, “Nikupimie kiasi gani, kaka?” Kaka! Mimi! Nikanunua, nikaja kusonga ugali peke yangu. Mtamu. Nikazidi kukasirika.
Lakini katikati ya tonge nikagundua kosa langu. Si mimi, ni chakula! Chakula kina mambo mengi: kinamwagika, kinashikana, kinaumiza watu. Nimeshaacha chakula. Nimeshaokota chupa na kuzijaza bombani, na ubao nimeupaka upya, herufi nyekundu zinazosomeka mpaka kwa Fransiska. Monika akiona foleni atarudi mwenyewe. Sumbawanga nzima hakuna hata mmoja aliyeliwaza hili:
MAJI YASIYO NA NGANO.