Kibanio cha Nguo Kwenye Vali

Alhamisi, 12 Februari
Tumefika na gari letu la kulala kambini, bonde la Hallingdal. Nyuzi kumi na tano chini ya sifuri. Mke wangu Gunnvor kanikumbusha njia nzima: mwaka jana maji yaliganda garini, akapiga mswaki kwa kahawa. Yakiganda tena, gari hili la kulala, alilorithi kwa baba yake, linakwenda kwa kaka yake Oddvar. Nimemwambia safari hii nimejipanga. Oddvar naye yuko hapa, kaegesha gari lake la kulala ubavuni kwetu! Mabomba yake kayamwaga maji yote. Anachota kwa dumu na kuliweka karibu na hita. Mtu mzima na dumu! Nimecheka mpaka masharubu yakadondosha barafu.

Ijumaa, 13 Februari
Usiku nilipunguza gesi ya hita kidogo. Gesi haiokotwi. Asubuhi, bomba kavu! Uvunguni mwa gari, barafu tupu. Nilimshuku Oddvar papo hapo. Kumbe ni vali ya tangi la maji moto: ikihisi baridi, inafunguka yenyewe na kumwaga maji yote nje. Bila kuniuliza! Nimejaza upya kwa ndoo, Gunnvor bado kalala. Oddvar akaja na mkate wake wa jibini la kahawia mkononi.

"Shemeji, hiyo inamwaga ili tangi lisipasuke. Wewe washa hita, iache ifanye kazi yake."

Wivu huo.

Jumamosi, 14 Februari
Dawa nimeipata! Kibanio cha nguo, cha plastiki, kutoka kwenye kamba ya soksi. Nimekibana kitufe cha vali isifunguke, hakifurukuti. Gunnvor kaoga maji moto, katoka anaimba, kaniita mpenzi. Miaka mingapi! Oddvar kapita na dumu lake. Nimemwonea huruma kweli. Leo nazima gesi kabisa, nalala kwa amani.

Jumapili, 15 Februari
Alfajiri, mlio. Pah! Nikawasha hita hadi mwisho. Barafu ikayeyuka, maji yakatoka kwenye ufa wa tangi na kujaa ndani ya viatu vya Gunnvor vya kuteleza thelujini. Kakiona kibanio. Kampa Oddvar funguo za gari.

"Chukua, kaka. Sikio la kufa halisikii dawa."

Kifungua kinywa tumekula kwa Oddvar. Kahawa ya maji ya dumu. Ilikuwa tamu, na iliniuma sana.

Jumamosi, 21 Februari
Tumerudi nyumbani, na Oddvar kaja kulichukua gari. Nimelipungia mkono dirishani. Ila nimetafakari kwa utulivu, na kosa nimelijua: plastiki. Plastiki na baridi haviendani.

Mchana mama mkwe kapiga simu. Gunnvor hayupo, nimepokea mimi. Anaomba mabomba ya nyumba yake ya mlimani yamwagwe maji, baridi inazidi. Nimemwambia mama, niachie mimi. Kumwaga maji safi, kufuru hiyo! Naondoka sasa hivi. Mfukoni nina vibanio vitatu, vya mbao.